Siku Neema Alipotoa Vitu Nje

Pale Sirari, ukiiacha barabara ya malori na kuingia uchochoro wa mafundi cherehani, kuna benchi refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la mbegu. Mwenye benchi ni Kisyeri muuza kahawa, lakini wanaolikalia wanajiona wamelirithi. Kuna Nyamhanga, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya shamba, na tangu siku hiyo haongei bila kuinua kidole. Kuna Ezekiel, anayeitwa Ng'ambo kwa sababu anauza nyanya Isebania, upande wa Kenya, na kila jioni anarudi na Kiswahili cha huko. Na kuna Wangwe, wakala wa mizigo mpakani, anayeitwa Kontena. Jina hilo halihitaji maelezo: chochote kilichouzwa Isebania kwa bei ya kushuka, yeye alivuka nacho. Jumamosi moja asubuhi Kontena alikuja kijiweni bila kumsalimia mtu, akakaa, akapewa kikombe cha kahawa, akabaki anakitazama tu.

— Neema ametoa vitu nje, alisema.

— Vitu gani? Kisyeri aliuliza.

— Vyote.

Waligeuka wote. Nyumba ya Wangwe ilikuwa ng'ambo ya uchochoro, geti liko wazi, na uani kulikuwa na mlima. Friji mbili, moja haijawahi kugandisha hata maji. Redio tano. Chupa za chai zisizo na vifuniko, na vifuniko visivyo na chupa. Mashine ya mazoezi ya kukimbilia, imefunikwa kwa makoti. Na viti vya plastiki, vimepachikwa juu ya vingine mpaka vinapita ukuta.

— Mura, ndugu yangu, hiyo ni talaka, Nyamhanga alisema, kidole juu. Mke akitaka kuondoka anaanza kutenganisha mali.

— Kama ni talaka angetoa vya kwake. Vile ni vyangu vyote.

— Basi anakutoa wewe.

Kijiwe kikacheka. Wangwe hakucheka. Alimwona mkewe akitoka tena, kitenge kimefungwa kiunoni, amekumbatia maboksi matupu yanayomfika kidevuni. Wangwe hakuwahi kutupa boksi. Boksi la televisheni, boksi la pasi, hata boksi la feni iliyoungua mwaka wa kwanza, yote aliyahifadhi juu ya kabati.

— Buda, ni simu, alisema Ezekiel. Wamama siku hizi wanaona kwa simu nyumba za watu huko majuu, sebule ina kochi moja na ua moja. Sasa kila mtu anataka sebule kama wodi.

— Simu? Kisyeri aliweka birika chini ya meza. Wewe hujui simu. Juzi nilimwambia mke wangu tu kwa mdomo, nataka sufuria. Kwa mdomo! Kesho yake simu inanionyesha sufuria. Wenye viwanda wanasikiliza. Wanajua uvungu wa kitanda chako una nafasi kiasi gani, wanatengeneza kitu cha kutosha pale pale.

— Ndiyo maana ile mashine ya mazoezi ilienea mlangoni kabisa, Wangwe alisema taratibu, kama mtu anayeanza kuelewa.

— Si unaona?

— Mimi nawaambieni, alisema Nyamhanga, vitu vinazaana. Nyumbani kwangu niliingiza vibakuli sita vya plastiki. Sita, mbele ya mashahidi. Leo viko zaidi ya arobaini na hakuna anayejua baba yao.

— Na vifuniko je?

— Vifuniko havizai. Vinahama.

Walicheka mpaka fundi cherehani mmoja akasimamisha mashine yake ili asikie vizuri. Ezekiel akaapa kwamba kuna Mkenya anamjua aliyefungiwa ndani na viatu vyake mwenyewe, rundo limeanguka mlangoni, akakaa siku mbili anakula mahindi ya mbegu. Nyamhanga akasema hiyo haitoshi, serikali inakuja kuhesabu viti vya kila nyumba, na Neema amepata habari mapema kupitia kwaya. Kisyeri akasema siyo serikali, ni wenye viwanda wenyewe, wanakuja kuvirudisha ili watuuzie tena.

Wangwe aliwasikiliza huku moyo unamuuma. Alijua kwa nini Neema anatoa vitu. Mkewe alimwambia tangu Jumatatu, na Jumanne, na jana alimwambia kwa kumwandikia karatasi. Mama yake Wangwe, Bibi Boke, alivunjika mguu akipalilia mihogo kijijini Susuni. Ametibiwa, na leo analetwa kukaa nao ili awe karibu na zahanati. Wangwe kila siku alijibu, "Nitapanga." Kisha alfajiri hii alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akatazama lile rundo kutoka sakafuni mpaka darini, akavaa viatu, akakimbilia kahawa.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja aliyevaa sare nyeupe, begi begani. Alikuwa Jesca, nesi kutoka Bukoba, aliyehamishiwa zahanati yao miezi miwili iliyopita.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu wote pamoja.

— Nimeelekezwa kwa mzee Wangwe. Nitakuwa nakuja kumsafisha mama kidonda, nikaona nipaone kabla hajafika.

— Ni mimi, mwanangu.

— Sawa, baba. Kitanda chake mmekiweka chumba gani?

Nyamhanga aliinua kidole, kikabaki hewani, akakishusha. Ezekiel alikohoa. Kisyeri akaanza kusuuza vikombe ambavyo alikwisha kuvisuuza. Kijiwe kilichokuwa na jibu la viwanda, la serikali na la Mkenya wa viatu hakikuwa na jibu la kitanda.

Wangwe alisimama. Alivuka uchochoro bila kugeuka nyuma, akamkuta Neema anavuta godoro la kuviringisha kutoka chumba cha nyuma. Akashika upande wa pili.

— Umekuja, Neema alisema.

— Nimekuja.

Walilifikisha uani. Wangwe akaegemea ile minara ya viti.

— Baba Nyangwine, hivi viti vyote vya nini? Neema aliuliza, na safari hii hakuuliza kwa ugomvi. Tuko watu wawili. Nyangwine mwenyewe yuko chuoni.

Wangwe aliupapasa mgongo wa kiti kimoja.

— Kwetu Susuni tulikuwa na kiti kimoja, alisema. Mgeni akija, anakalia yeye. Baba anasimama. Anaongea amesimama mpaka mgeni aondoke. Siku moja walikuja wageni watatu kuposa dada yangu, wawili wakakosa pa kukaa, na mmoja akamcheka baba usoni. Nilikuwa mdogo, lakini nilimwona baba. Tangu nianze kushika hela, nikiona kiti kinauzwa siwezi kupita.

Neema alikuwa ameishi naye miaka ishirini na minne na hakuwahi kuisikia hiyo. Alimfuta vumbi begani kwa ncha ya kitenge.

— Sasa hakuna atakayesimama kwako, alisema. Lakini mama naye alale.

Jesca alikuwa amesimama getini, anaona aibu kwa kusikia.

— Baba, samahani. Pale zahanati, siku ya kupima watoto, kina mama wanakaa chini kwenye sakafu. Wengine wamejifungua juzi tu. Kama viti hivi…

Wangwe aliitazama minara yake. Alikitoa kiti cha juu, akakigeuza, akakibonyeza miguu kama anayenunua.

— Wanakaa chini?

— Kwenye sakafu, baba.

— Wakili! aliita kwa sauti iliyofika barabara ya malori. Ng'ambo! Njooni mbebe!

Walikuja mbio, na mafundi cherehani nyuma yao. Viti vilipita uchochoroni vichwani mwa watu kama msafara wa harusi, Ezekiel mbele akipiga mluzi, wanawake wakitoka milangoni kuuliza nani anaoa. Wangwe alibakiza sita. Friji mbovu ilienda kwa fundi, redio nne zikagawiwa, na maboksi Nyamhanga akayachoma nyuma ya choo, akiliapisha kila moja kwanza kwamba ni tupu kweli. Mashine ya mazoezi aliichukua Kisyeri, akasema itamfaa kuanikia dagaa. Kahawa ilikuwa imepoa mezani, na hakuna aliyeikumbuka.

Saa saba gari, probox ya abiria, ilisimama getini. Bibi Boke alishushwa taratibu, mguu umefungwa, mkono mmoja kwa Neema, mwingine kwa nesi. Alisalimiwa shikamoo na uchochoro mzima. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, shuka la maua na dirisha ambalo Wangwe alikuwa amesahau kwamba lipo. Lakini bibi hakufika huko. Alipoingia sebuleni, iliyokwisha kuondolewa marundo, alisimama.

— Wangwe!

Sauti ikagonga kuta, ikamrudia. Akashtuka, kisha akacheka, na kicheko nacho kikamrudia. Akaita tena, makusudi, akisikiliza. Halafu yule mama wa miaka sabini na kitu, akiwa ameshikiliwa pande mbili, akaanzisha wimbo wa Kikurya wa kuvuna ulezi, na nyumba ikamsaidia kuimba.

Neema aliitikia. Wanaume mlangoni wakaitikia. Nyamhanga akaingia katikati akirusha mabega, Ezekiel akamfuata, vumbi la miaka likapaa kwenye mwanga wa mlango. Wangwe alikuwa amesimama katikati ya sebule, mahali ambapo kwa miaka sita alipita kwa ubavu. Alinyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka mwisho wa urefu wake, na hakugusa kitu chochote. Akaanza kucheza.