Sauti ya Machi

DONATUS: Haloo? Nani mwenzangu? Shemeji Limi?

ATHANAS: Ni mimi mwenyewe. Limi yuko nje anafua.

DONATUS: Mwangaluka, kaka.

ATHANAS: Mwangaluka. [anakohoa] Lete habari za Geita. Albamu imekwisha?

DONATUS: Kifua kinaendeleaje?

ATHANAS: Vumbi la mgodini halijatoka. Daktari amenikataza hata kupanda ngazi. Nikamuuliza, na jukwaa? Akacheka. Albamu, Donatus.

DONATUS: Magitaa tayari. Na ngoma za Wilbard... huwezi kuamini bendi ya roki iliyovunjika miaka ishirini na moja inaweza kurudiana na kupiga—

ATHANAS: Na mimi?

DONATUS: Haloo? Mtandao wa huku—

ATHANAS: Unanisikia. Na mimi je?

DONATUS: Unakumbuka ulivyoimba Machi?

ATHANAS: Nyimbo nane, siku moja. Nikalala kitandani siku tatu.

DONATUS: Ile ilikuwa sauti ya kuongozea. Unaimba kwanza, sisi tunapiga tukikufuata, halafu unarudi kuimba ile ya kubaki.

ATHANAS: Kazi naijua, bwana. Nilirudi?

DONATUS: Hukurudi.

ATHANAS: Basi wekeni ya Machi.

DONATUS: Davis, fundi wa studio, akishamaliza kurekodi vyombo... ndivyo anavyofanya siku zote. Ya kuongozea anaifuta.

ATHANAS: Ameifuta?

DONATUS: Hakujua kwamba huwezi kuimba tena. Sikumwambia.

ATHANAS: Kwa nini hukumwambia?

DONATUS: Nilikuwa nasema utapona.

ATHANAS: Hakuna nakala?

DONATUS: Tumetafuta siku nne. Wilbard anasema tuchukue mwimbaji mwingine. Nimekataa.

ATHANAS: Miaka yote hiyo bendi imevunjika hatukusalimiana kwa sababu hukujua kumkataa Wilbard, leo ndiyo umejifunza. [anacheka, anakohoa]

DONATUS: Kaka, nisame—

ATHANAS: Uko studio?

DONATUS: Ndiyo.

ATHANAS: Piga wimbo wa kwanza. Sogeza simu kwenye spika.

DONATUS: Na oksijeni?

ATHANAS: Mtungi uko hapa, umefunguliwa. Piga.

DONATUS: Haya. [gitaa, kisha ngoma]

ATHANAS: Mmeongeza kasi.

DONATUS: Kidogo tu. Wilbard alisema—

ATHANAS: Nyamaza. Naingia gitaa likishuka. [anavuta pumzi] Tuli— [anakohoa, muziki unaendelea]

DONATUS: Athanas?

ATHANAS: Umenipita. Rudisha mwanzo.

DONATUS: Inatosha, kaka. Salio langu linakwisha.

ATHANAS: Limi atakurushia vocha. Rudisha.

DONATUS: Nitakuja Jumapili, tutakaa, tutasikiliza wote—

ATHANAS: Jumapili ni mbali.

DONATUS: Haya. Moja, mbili— [gitaa]

ATHANAS: Usiongee. Hata nikikohoa, usizime, na—

[simu inakatika]