Hatuli Mpaka Ndege ya Mwisho Itue

Naanza na sauti, maana sisi tuliokuwa chini melini hatukuona kitu. Ndege ikitua juu ya vichwa vyetu, waya ukainasa, meli nzima ililia kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nilikuwa mpishi katika manowari ya Waingereza ya kubeba ndege. Ndege ziliruka kuwinda nyambizi. Sisi watu wa pwani kule jikoni tulizisikiliza zikirudi. Tulikuwa na ada yetu: hatugusi chakula mpaka ya mwisho itue. Siku moja, ya mwisho haikutua. Wali wetu ukaenda baharini, hakuna aliyeonja.

Mapinduzi yakanitoa Unguja. Hapa Landani nikapata kazi ya kuosha vyombo katika klabu ya wapiganaji wa zamani. Siku yao ya kuwakumbuka waliokufa vitani nikavua aproni, nikaomba kukaa nao. Msimamizi akacheka. Akasema watu wangu hawakuwepo vitani, tumekuja baadaye kula amani ya wenzetu.

Ndugu zangu, nawaambia, nyambizi hazikunizamisha. Neno lile lilinizamisha. Niliacha kazi, nikajifungia chumbani Wembley, nikageukia ukuta. Hata chai haikupita kooni. Mkutano wetu huu wa watu wa pwani, wa kula pamoja kila Ijumaa hapa ukumbini, nikauhama.

Ijumaa moja mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja wa hapa; simtaji, mwenyewe anajijua, anajifanya kutengeneza mtandio.

“Kaka, chakula kimepoa ukumbini,” akasema. “Watu hawajala.”

Nikamuuliza wanangoja nini.

“Si wewe uliyetwambia hamli mpaka ya mwisho itue? Basi tua. Watoto wana njaa.”

Nikavaa viatu.

Kwa hiyo ahsanteni, nyote mliokaa na njaa kwa ajili yangu. Na mtu asikwambieni hamkuwepo mahali mlipotoa jasho. Msibishane naye mlangoni. Ingieni, mkae.

Maana mwaka uliofuata, siku ile ile ya kumbukumbu, nilirudi klabu, nimevaa koti langu jema. Msimamizi akanionyesha njia ya jikoni.

“Jikoni napajua,” nikamwambia. “Leo nimekuja kukaa.”

Nikavuta kiti. Wazee wale wakatazama sahani zao. Msimamizi akasema mmoja wetu lazima atoke. Nikakunjua kitambaa, nikakiweka mapajani.

Akangoja. Nami nikangoja, kungoja nilifundishwa baharini.

Akatoka yeye, na mlango ukafungwa nyuma yake.