Uwanja Upewe Jina la Susa?

Benchi letu limeegemea duka la Manang Pacing, dada muuza kahawa, mkabala na uwanja wa kikapu wa mtaa wetu hapa Iloilo, Ufilipino. Asubuhi hiyo mafundi walikuwa wamemaliza kuezeka paa jipya, na mchana kulikuwa na mkutano wa kuupa uwanja jina. Majina yalikuwa mawili. La kwanza, Jesusa Magbanua, Susa kwetu sisi, binti wa muuza samaki, aliyecheza kwa malipo Thailand na Japani na kuivalia jezi timu ya taifa mpaka goti likagoma. La pili, Boying, mwana wa kapiteni, yaani mwenyekiti wa mtaa, aliyesugua benchi Manila msimu mmoja. Tulikuwa watatu na kahawa zetu: Refa, aliyewahi kuchezesha mechi moja akafukuzwa na mawe, Danki, ambaye hajawahi kuigusa ringi, akiwa na jogoo wake wa kupigana kwapani, na mimi, Breki, naitwa hivyo kwa kuwa bajaji yangu haina.

— Boying, akasema Danki. Hapo hakuna mjadala. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Umemsifu au umemtukana? nikauliza.

— Nimemsifu!

— Boying aliingia dakika mbili tu, Danki. Moja alikuwa anafunga kamba za viatu.

— Mwenda pole hajikwai. Ulishamwona akianguka?

Refa akapuliza kahawa yake.

— Tuseme ukweli, jamani. Susa ana makombe, sikatai. Lakini ya wapi? Thailand! Kule ringi za wanawake wamezishusha. Unaweka mpira kama unaweka sufuria kabatini.

— Nani kakwambia?

— Binamu yangu, mpishi wa meli. Walipita karibu.

— Na Japani je? Si alikuwa mfungaji bora?

— Japani ni adabu tu, akadakia Danki. Wale wakimwona mgeni wanainama. Wakiinama, yeye anapita, anafunga. Mgeni njoo mwenyeji apone!

— Na medali ya dhahabu ya timu ya taifa?

Refa akashusha sauti.

— Mama yake, alipokuwa na mimba, alikula sana samaki aina ya mkunga. Na mkunga hashikiki. Sasa hicho ni kipaji? Hicho ni kitoweo! Medali apewe mkunga.

Manang Pacing akalibamiza birika.

— Magoti yenu yote sita hayajakimbia alikokimbia yule kwa goti moja bovu.

— Manang, wewe mwanamke, lazima umtetee. Damu nzito kuliko maji.

— Na kahawa imekwisha. Kanyweni hayo maji.

Hapo akafika mama mmoja mgeni na binti yake mrefu, amekumbatia mpira.

— Samahani, kaka zangu. Huu ndio uwanja wa kwao Jesusa Magbanua?

— Ndio wenyewe! tukajibu kwa pamoja, vifua mbele. Danki akaongeza: — Sisi ndio tuliomkuza.

— Basi tumefika. Tumevuka kutoka kisiwa cha Guimaras, huyu anataka kujifunza. Wasichana wanacheza hapa saa ngapi?

Jogoo akawika. Asubuhi uwanja ni wa wazee, jioni wetu, na msimu wa mavuno unaanikwa mpunga.

— Hawachezi hapa, dada, akasema Manang Pacing, akifunga duka. Susa anawafundishia nyuma ya kinu cha mpunga, kwenye tope. Njooni niwapeleke.

Mchana kapiteni alitulisha tambi za pansit, tukashiba, tukainua mikono. Boying akashinda. Naam, na wangu ulikuwa juu. Susa akasimama taratibu, ameshika goti.

— Jina mmeshachukua, sigombani nalo. Mimi naomba jioni mbili tu kwa wiki, za wasichana.

Kapiteni, kwa furaha ya mwanawe, akakubali mbele ya watu wote. Tulimcheka Susa njia nzima: kaacha paa lenye jina lake, kaomba jioni!

Jioni moja wiki iliyofuata tukaenda na mpira wetu. Wasichana walikuwa wameujaza uwanja, yule wa Guimaras akiwa katikati. Susa akatuzuia mlangoni.

— Leo si zamu yenu.

— Dada, akafoka Danki, hujasoma bango? Huu uwanja wa Boying!

— Nimesoma. Kamwiteni basi, aje acheze.