Miwani ya Papa Edouard

Kwenye ubao wa Maman Eulalie, muuza chai na kahawa, pale barabara inapoteremka kuelekea Ibanda, uongo hufika kabla ya sukari. Asubuhi hiyo Philémon, msomaji wa somo la kwanza kanisani, alitoa mfukoni miwani iliyopindika kama mguu wa panzi. Aliikalia Jumapili ndani ya sakristia, akaificha. Mwenye miwani, Papa Edouard, msimamizi wa parokia, alidhani Marcelline anayefagia ndiye mwizi. Saa tatu angemfukuza kazi.

– Nyoosha na mikono, alisema Hervé, fundi wa redio waliyemwita Enjenia.

– Nimejaribu. Imezidi kupinda.

Hervé aliigusa, akacheka, akaitumbukiza ndani ya kikombe cha Blanchard, aliyeketi kando yake, kilichokuwa kikifuka moshi.

– We! Kahawa yangu!

Miwani ikajisokota, ikajinyoosha yenyewe. Philémon akafanya ishara ya msalaba.

– Muujiza!

– Muujiza gani? alisema Hervé. Hii chuma inakumbuka. Kwa kiwanda baliifundisha umbo yake ku moto mukali. Ikiwa baridi, vichembe vya ndani vinakufuata vile unasukuma. Ikipata moto, kila kimoja kinarudi ku nafasi yake, sawa banafunzi wakisikia mwalimu ku mulango.

Blanchard, aliyeitwa Diplôme kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona diploma yake, hakukubali kushindwa.

– Basi batengeneze nayo mataxi! Unagonga ukuta, unamwagia chai ya moto, unaendelea.

– Na mabarabara? aliuliza Hervé.

– Mabarabara yote! Mpaka Kavumu!

– Batengeneze nayo mabwana, alisema Maman Eulalie. Wangu ningemuchemusha tangu jana.

Philémon alicheka kuliko wote. Sasa nani angejua? Angesema tu imeonekana. Alijua ni dhambi, na bado alikuwa anayapanga maneno, Papa Edouard alipotokea akipapasa njia.

– Philémon, si miwani yangu hiyo? aliuliza, pua karibu imguse mkononi.

– Ndiyo, papa. Imeonekana.

Mzee akaivaa. Akaivua, akainusa.

– Merci. Lakini juu ya nini inanuka kahawa?

Enjenia akaangalia mawingu. Diplôme akachungulia kikombe chake. Maman Eulalie akakoroga birika tupu.

– Kaa, papa, alisema Philémon, akisogea ubaoni. Ila angalia kwanza mahali unakaa. Mimi, Jumapili, sikuangalia. Marcelline hana kosa.