Vijiwe Thelathini na Kimoja vya Mzee Rwegasira

Leo, tarehe 30 Juni 1992, Mzee Datius Rwegasira anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika kituo chetu cha uvuvi hapa Bukoba. Aliingia mwaka 1964 kama mbeba nyavu. Anatoka akiwa ndiye bingwa wetu wa kusoma vijiwe vya sikio la samaki.

Kwa wageni wetu: ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe viwili vyeupe. Samaki akikua, kijiwe huongeza duara. Akikosa chakula au hewa, duara hubana. Mzee hukivunja, hukichoma kidogo kwenye moto wa kibatari, kisha hukitazama kwa hadubini. Maisha yote ya samaki yako pale.

Vita vilipofika mwaka 1978, watu walikimbia na magodoro. Yeye alikwenda hadi Nshamba amekumbatia kopo la biskuti lililojaa vijiwe. Mkewe, Mama Georgina, alibeba sufuria, kuku na blanketi, na mpaka leo hajamaliza kumsimanga.

Vikaja vifo vya ugonjwa huu wetu. Vijana wanne aliowafundisha tumewazika katika miaka mitano. Wa mwisho alikuwa baba wa mwanangu Kokugonza. Ndivyo mimi, mpiga chapa niliyeishia kidato cha pili, nilivyopewa kazi hapa baada yake.

Sasa niseme kosa langu. Desturi ya kituo ni kwamba minofu ya samaki wa uchunguzi huenda kwa wakubwa, na vichwa hubaki kwetu wadogo, Mzee akishatoa vijiwe. Machi mwaka jana nilikuta mlangoni ndoo ya vichwa ishirini vya sato. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anapona kuharisha. Nikadhani Mzee amemaliza; nikabeba, nikapika na ebitoke, ndizi zetu za kupika.

Mchana ule alifika kwangu Kashai bila kusalimia, yeye ambaye salamu zake huchosha. Akaona sufuria, akajishika kichwa. Nilijua kazi sina. Lakini aliomba sahani, akatuamuru tule polepole, kila mtu ateme vijiwe. Mama yangu Adventina alisema amezoea mgeni anayetafuta nyama, si anayetafuta mawe. Tulipata thelathini na kimoja.

Kesho yake akanisimamisha kwenye hadubini. Duara pana, pana, halafu ukingoni mistari imebanana kama nywele. Vyote vilikuwa hivyo hivyo. Samaki tuliodhani wachanga kumbe wazee waliodumaa, miaka miwili wakikosa hewa katika ghuba moja ya Muleba, ambako mama mkwe wangu huchota maji ya kunywa. Na kila mwezi taarifa yetu ilisema hali ya ghuba ni nzuri. Niliipiga chapa mimi.

Maganda ya mashine ya kukoboa kahawa yalikuwa yakimwagwa kwenye kijito cha pale, yakioza yakimaliza hewa ya maji. Mwenye mashine alibisha kwamba maji ni meupe na samaki wapo. Mzee hakubishana. Alipakata hadubini kwenye basi hadi Muleba, akashuka nayo ghubani, akina mama wakapanga foleni. Bibi Immakulata alichungulia, akakaa chini. "Waitu, kama mwenye maji yake anakabwa hivi, wajukuu zangu nimewanywesha nini?" Wiki ile ile walianza kuyabeba maganda kwa vikapu, wakayatandaza migombani. Kijitoni hayafiki tena.

Mei hii Mzee alipasua vichwa kumi na vinane vya ghuba ile. Kwa samaki kumi na mmoja, duara la mwisho limeanza kupanuka. Saba bado. Kuna waliotaka niandike leo kwamba ghuba imepona. Mzee amekataa, na mimi nakataa. Akina mama, endeleeni kuchemsha maji.

Asante, Tata, baba yetu, kwa uvumilivu wako na kwa kunifundisha mimi niliyekula kazi yako. Kituo kizima tunakuombea afya, usingizi mzito na ndizi zilizoshiba kibanjani kwako Maruku. Vichwa vya Julai nitavipasua mimi. Walio kama wale saba wakipungua, nitakuja kukwambia. Wasipopungua, nitakuja pia.