Njia ya Mzee Popatlal

— Igunga haimo kwenye ile njia, Mnada! Haikuwahi kuwamo! Unataka kumpitisha mzee wa watu Igunga akaone nini, foleni ya malori?

— Na huko Usoke kwako kuna nini, Behewa? Mabani ya kukaushia tumbaku?

— Kuna njia yenyewe! Njia ya wapagazi! Babu zetu walipita pale na pembe za ndovu begani, si kama wengine waliokuwa wanakimbizana na ndama.

— Rudia hilo neno.

Nilimmiminia Mnada kahawa kabla hajasimama, kwa sababu mtu mwenye kikombe cha moto mkononi hapigani. Benchi letu lipo Isevya, hapa Tabora, ng'ambo ya duka la vitambaa la Mzee Popatlal. Ninachemsha kahawa hapo tangu mama alipougua nikaacha shule kidato cha pili. Wanaokaa ni walewale. Gerson alifanya kazi kwenye treni mpaka akastaafu, ndiyo maana anaitwa Behewa. Ngollo ni dalali wa ng'ombe, mzaliwa wa Igunga, naye tunamwita Mnada. Sabiri ni Ramani, kwa kuwa hakuna mahali asipopajua. Siku nyingine hubishana juu ya mpira. Siku ile walikuwa wanabishania macho ya mtu.

Mzee Popatlal alikuwa amevuka barabara mapema, akipapasa ukingo wa mtaro kwa fimbo. Ana presha ya macho. Daktari amemwambia kwamba mwanga ukishaondoka haurudi, na kwamba asitegemee kuiona masika ijayo. Mpwa wake Sahil anataka kumpeleka kaskazini kwenye mbuga, ambako magari hujipanga kumtazama simba mmoja aliyelala.

— Sitaki kwenda kutazama migongo ya watu, alituambia. Maisha yangu yote nimekata sanda za vijiji hivi. Majina yake nayajua yote, lakini sijaona hata kimoja. Nipangieni safari. Nipitisheni njia ile ya zamani, ya miguu, isiyo na watalii.

Akarudi dukani. Hapo kijiwe kikawa kijiwe.

— Nyote hamjui, alisema Ramani. Njia ya misafara haionekani kwa sababu Mjerumani alilaza reli juu yake. Anayetaka kuiona ang'oe reli kwanza.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Behewa. Ndiyo maana reli haina kona.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imekuja na treni.

— Reli si kitu, alisema Mnada. Wanaoijua ile njia ni ng'ombe. Chukua dume la ukoo wa zamani, liachie pale Igunga. Litashika njia lenyewe, halisimami mpaka Tabora. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani?

— La dume.

— Kwa hiyo Mzee Popatlal tumweke nyuma ya dume? Na macho yake yale?

— Dume si lina macho?

Ramani aliinua kidole, na Ramani akiinua kidole lazima umsubiri.

— Siri yenyewe ni kwamba ile njia ilikuwa inahama. Masika inapanda kaskazini, kiangazi inashuka kusini, kama ndege korongo. Ndiyo maana kila Mzungu aliichora pake.

— Haya, mwaka huu iko wapi?

— Mwaka huu ipo Sikonge.

— Sikonge kwa nani?

— Kwa mama mkwe wangu.

Nilikuwa nasuuza vikombe, nikawatazama. Njia ya Behewa ilipita Usoke, ya Mnada ikapita Igunga, ya Ramani ikaenda kwa wakwe zake. Kila mmoja alikuwa anaivuta barabara kama shuka fupi, ifunike miguu yake. Ng'ambo, Mzee Popatlal alikuwa amekaa mlangoni pa duka, uso ameuelekeza kwetu. Sidhani kama alituona. Nadhani alikuwa anasikiliza.

Ndipo mke wake, Mama Bachubai, alipotoka dukani akavuka barabara. Sikuwahi kumwona akija kijiweni.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, Eustadia.

Nilimpangusia mahali pa kukaa, hakukaa. Aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja.

— Ninyi ndio mnampangia mume wangu safari?

— Ndiyo sisi, mama, alisema Behewa akivua kofia. Tumekaribia kukubaliana.

— Sawa. Tangu asubuhi hatulii kwa furaha, na mimi situlii kwa hofu. Nina swali moja tu. Akifika huko jioni, amechoka na haoni vizuri, nani atamfungulia mlango?

Behewa aliigeuza kofia mikononi.

— Nyumba ya mama yangu ipo, alisema. Yaani, ilikuwepo. Tangu tumzike sijarudi. Nasikia masika ilishusha paa.

— Wewe?

— Ndugu zangu walihama na mifugo, mama, alisema Mnada. Walielekea Katavi. Sijui hata walifikia wapi.

Ramani akasema polepole:

— Yule mama mkwe hata mimi hanifungulii.

Siku nyingine tungecheka mpaka tumwage kahawa. Hakuna aliyecheka.

— Basi ataenda na Sahil, alisema Mama Bachubai. Huko kuna vitanda.

Akageuka. Niliona Mzee Popatlal anainua kichwa kule mlangoni, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe.

— Bibi yangu atafungua.

Walinitazama wote. Nilikuwa nimeshika kikombe chenye povu, sikujua nikiweke wapi.

— Bibi yako nani? aliuliza Mama Bachubai.

— Martha, mama. Yuko Usoke, si mbali na stesheni. Babu Mathias alipofariki, sanda yake ilitoka kwenu. Ilipelekwa na treni.

— Niliiteremsha mimi, alisema Behewa. Nilimkabidhi yule mama mkononi, treni ikapiga honi.

— Bibi analisema jambo hilo mpaka leo, niliendelea. Nyumbani kwetu aliyeleta sanda haondoki msibani bila kula. Sasa kitambaa kilikuja peke yake. Kila mwaka tukimkumbuka babu, bibi hupakua sahani moja akaifunika. Tukiuliza ni ya nani, anasema ni ya mwenye kitambaa, hajala bado.

— Anamjua mume wangu?

— Hajawahi kumwona, mama.

— Na mume wangu hajawahi kumwona yeye.

— Hapana, mama.

Mama Bachubai aligeuka tena. Alivuka barabara taratibu, akamfikia mumewe mlangoni, akamshika mkono wakaingia wote ndani.

— Umeharibu, mtoto, alinong'ona Mnada.

— Mwache, alisema Behewa. Sisi tumejenga barabara tangu asubuhi, hatukuwa na nyumba hata moja mwisho wake.

Akavaa kofia yake, akaivua tena. Ramani aliuliza kama kahawa ipo. Nilitikisa birika, nikasikia kiasi cha kikombe kimoja, nikamwambia hicho kina mwenyewe. Mzee Popatlal alikuwa hajanywa tangu asubuhi. Niliosha kikombe kizuri, nikavuka.

Nilisimama kwenye kizingiti, sikutaka kuingia katikati ya maneno yao. Walikuwa wanaongea Kigujarati kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kukatia, anapapasa ncha ya jora la kitambaa cha marekani kama anayetafuta lilipoanzia. Mama Bachubai alizungumza kwa muda. Mzee alijibu neno moja tu. Mimi nikabaki na kahawa inayopoa.

Mama Bachubai alikuja mlangoni. Alipokea kikombe, akashika fremu kwa mkono wa pili. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Mwambie bibi yako asichinje kuku, alisema. Sisi hatuli nyama. Atupikie mlenda, tutakula sote wawili.