Chumba cha Chini Nawaachia Wawili

Njoo karibu, Nazju mwanangu, na wewe Rozarja mkwe wangu, acha hiyo supu ipoe, maana sauti yangu inakwenda na kurudi kama kengele ya parokia upepo ukigeuka, na nina neno la kusema kabla haijakwenda moja kwa moja. Dada yako Vitorin yuko chini barabarani na mumewe. Nimemsikia akikohoa. Tangu aolewe na Idris hujamfungulia mlango huu, nami sitaki kufa nikiwa na mtoto mmoja ndani na mwingine nje.

Nyumba ni yenu wawili, wewe na dada yako. Mizabibu ni yako, umeihangaikia. Lakini chumba cha chini, nilimofundishia makatekista dini za dunia, msikigawe wala msikifunge. Najua unavyosema huko nje, kwamba darasa lile ndilo lililotupotezea Vitorin. Hajapotea. Kila Jumapili yuko misa ya alfajiri, kiti cha nyuma, nawe unamwona ukajifanya unatafuta wimbo.

Siku hizi usingizi na kuamka vimeniingiliana. Leo asubuhi nilijiona darasani, kuta zikitoa mwanga mweupe kama maziwa, na wote niliowasoma wameketi kwenye madawati: Mhindu na taa yake, mtawa wa Buda na bakuli lake, rabi amevua kofia ya mvua. Wakaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ulisema nini juu yetu tulipokuwa hatupo?" Nikawajibu, wala sikuona haya.

Unakumbuka Idris alipokuja kutujengea ukuta? Aliniambia yuko kwenye Ramadhani; mimi nikasikia Randan, Kwaresima yetu, nikampelekea adhuhuri sahani ya kwarezimal, biskuti zetu za lozi za mfungo. Akaziangalia, akaniangalia. "Mama, mfungo gani huu wa kutafuna jua likiwa utosini?" Nikamwambia, "Wa Kikristo, mwanangu. Hazina siagi!" Marehemu baba yako alicheka hadi akauegemea ukuta mbichi. Wewe ukanuna, ukasema nimeiaibisha parokia. Jioni ile niliwaambia makatekista: kabla hujasema dini ya mtu imekosea wapi, mwulize anakula saa ngapi.

Usinielewe vibaya. Mimi ni wa Kristo. Nimesoma Wabuda wanavyoyaeleza mateso, sikumkuta Mungu aliyetobolewa mikono. Nimesoma Kurani, nikamkuta Mariamu ameheshimiwa, msalaba wa Mwanawe nisiuone. Hapo ndipo mimi na Idris tulipoachana kila jioni, yeye na chai yake, mimi na rozari yangu, na kesho yake tukaanza tena. Hakunibadili, sikumbadili. Lakini wewe, Nazju, unapopiga magoti mbele ya msalaba unamwita Mungu Alla kwa lugha yetu, kama walivyomwita babu zako wote kisiwani hapa, na hakuna padri aliyewahi kukuuliza neno hilo umelitoa wapi. Udugu ni kufaana, mwanangu, si kufanana.

Basi fanyeni hivi. Padri aje leo anipake mafuta. Misa yangu iwe kwa desturi yetu. Idris akitaka kuniombea, aombe uani kwa namna yake. Usimzuie, wala usimwige. Darasa ulifundishe wewe, maana katekisimu unaijua, ila ufunguo akae nao Vitorin. Ukitaka kufundisha, utamwomba dada yako akufungulie.

Usinitazame hivyo. Nenda ukawafungulie.

Rozarja, maji... kidogo tu, yatosha. Ameshuka? Nasikia komeo. Sasa ngazi... taratibu, Idris, hizo ngazi zimelika. Vitorin. Umekonda. Nazju, mpe dada yako kiti. Hapana, usiende dirishani, rudi.

Bwana awalinde... awaangazie... Leteni vichwa vyenu hapa niwabariki, vyote, na chako pia, Idris. Mkono unaoinuka ni mmoja tu. Karibianeni. Zaidi... uwatoshe.